Mgongo Ulivyoniumbua kwa Wakwe

Hii stori nimekataa kuisimulia kwa muda mrefu, na hata leo naisimulia tu kwa sababu mmeshasikia nusu yake kutoka kwa watu wengine, na hiyo nusu yenyewe ni ya uongo, eti nilizimia, eti nilibebwa nikilia. Sikuzimia. Kulia, sawa, kidogo, lakini mvua ilikuwa inaninyeshea usoni na hakuna mtu anaweza kuthibitisha. Aibu yangu haikuwa hapo. Aibu yangu ilitoka kwa mdomo, na mdomo wenyewe ni huu mnaouona, haujabadilishwa.

Mnanijua, mimi ni Njuguna wa hadiwea pale Huruma, nauza misumari, mabati na simiti, na kazi yangu hasa ni kukaa. Vijana wa duka ndio hubeba simiti, mimi niko nyuma ya kaunta juu ya kreti ya soda niliyoipindua, nimejikunja juu ya simu kutoka asubuhi mpaka jioni, na jioni nikifika nyumbani Kapsoya najitupa kwa godoro nililonunua zamani nikiwa na chumba kimoja, godoro limebonyea katikati mpaka ukilala unajikuta bondeni. Kwa hivyo mgongo, huku chini kabisa karibu na makalio, ulikuwa umeanza kulalamika kitambo. Asubuhi nikiinama kuvaa soksi naguna kama mzee. Jerop (huyu ndiye mchumba wangu, mwalimu wa nasari, kwao ni upande wa Moi's Bridge) akaniambia, "Njuguna, enda uone daktari." Nikamwambia ni baridi ya Eldoret, itaisha.

Sasa mbona sikwenda? Wacha niwaambie ukweli, si nyinyi ni marafiki. Mwanamume akisema mgongo unamuuma, hakuna mtu anamuuliza amebeba nini. Watu wanaangaliana kwanza, halafu mmoja anauliza, "Na huyu ataoa kweli?" na wote wanacheka mpaka machozi. Na mimi ndio nilikuwa naoa. Isitoshe, Jerop alikuwa ameniambia kwamba Ankoli Rotich, mdogo wa baba yake, alishasema watu wa duka ni watu laini, hawawezi hata kushika jembe. Hayo maneno yaliniingia vibaya sana. Nikaapa hiyo familia haitasikia neno mgongo kutoka kwangu, nikanyamaza, nikanunua dawa ya kupaka, nikawa nanuka mentholi nikisema ni mafuta ya nywele.

Siku ya kwenda kujitambulisha ikafika. Ilikuwa tu ile safari ya kwanza, mimi na Jerop, wazee wanione kwa macho kabla sijaleta watu wetu, lakini Jerop aliniambia njiani kwamba kwa baba yake hiyo ya kwanza ndiyo mtihani wenyewe. Mzee akikukataa kwa macho, hakuna mazungumzo mengine yatamgeuza. Na mimi nampenda huyu msichana, jameni, nampenda vibaya, kwa hivyo nikavaa suti, nikavaa kile kiatu cha kuchongoka, tukaenda.

Tukafika na kukuta boma lote linakimbia. Ilikuwa wakati wa mavuno, mahindi yameanikwa kwa turubai uwanjani, na wingu jeusi limetoka upande wa Cherang'any likija mbio. Hakuna mtu hata alitusalimia. Mama yake Jerop anakusanya kwa sinia, Ankoli Rotich anashona magunia, na Mzee Kirwa mwenyewe, baba mkwe, mtu mkubwa na mvi zake, anabeba gunia mgongoni kuingiza stoo. Akaniona, akaniambia vizuri kabisa, "Kijana, wewe ni mgeni, ingia ndani ukae."

Ningeingia ndani, hii stori haingekuwepo. Lakini pembeni nikamsikia Ankoli Rotich akisema na yule anayemshikia uzi, kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Wacha huyo, atachafua suti." Weh! Damu ikapanda. Nikavua koti, nikampa Jerop, nikasema kwa sauti, "Mimi simiti nabeba kila siku." (Simiti mara ya mwisho niliibeba kwenye kalkuleta.) Jerop akaniangalia kwa yale macho ya kuangalia mtoto anayetaka kupanda juu ya dawati. Nikaliendea gunia, kilo tisini za mahindi, nikasimama mbali nalo, miguu imenyooka, nikainama kwa kiuno, nikalishika kwa masikio, nikalivuta na papo hapo nikageuka kuelekea stoo.

Kitu kikalia "kwach" huku chini. Nilisikia kwa mwili, sikusikia kwa sikio. Lakini kwa sababu ya hasira na macho ya Rotich nililifikisha hilo gunia mlangoni, sijui kwa nguvu za nani, nikaliangusha, nikasema "Moja!" nikijifanya naenda kuchukua la pili. Mungu akanihurumia, mvua ikaanza, mahindi mengine yakafunikwa hapo hapo, tukaitwa ndani. Mzee akanipiga begani akaniambia, "Umejaribu." Nikafurahi, na huo moto mgongoni nikajiambia ni wa kupita tu.

Wakanikalisha kwa sofa, zile za vitambaa vyeupe, laini, ukikaa magoti yanakaribia kidevu. Nikaletewa chai, nikaletewa mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwa kikombe kikubwa, nikanywa nikijibu maswali vizuri, kazi, kanisa, kwetu ni wapi, wazazi wako hai. Nilikuwa naona nimepita. Kitu sikujua ni kwamba vile nilivyokuwa nimezama pale, mgongo ulikuwa unapoa na kukaza, kidogo kidogo, kama simiti yenyewe.

Halafu Gogo akaingia. Gogo ni nyanya yake Jerop, mama ya Mzee, mwanamke mdogo mwenye fimbo, na wote wakasimama. Jerop alikuwa amenifundisha nyumbani: Gogo humpi mkono, unainamisha kichwa mbele yake, anakushika utosini, anakubariki, basi. Kichwa. Alisema kichwa. Lakini mimi kwa kutaka sifa nikajikokota kutoka kwa sofa na nikainama mwili mzima, kiuno kimekunjika kabisa, nikamwekea Gogo utosi pale karibu na tumbo lake. Akanishika. Akasema maneno matamu kwa Kikalenjin, akatoa mkono. Nikajiambia, haya Njuguna, inuka. Mgongo ukakataa. Nikajaribu tena polepole, na maumivu yakanipiga kutoka kiunoni mpaka makalioni nikaona nyota, nikarudi chini pale pale.

Gogo akaona bado niko. Akafikiri nataka baraka zaidi! Akanishika tena, akaanza upya, ndefu kuliko ya kwanza. Nikasikia mama mkwe akisema, "Jameni, kijana wa watu ana heshima huyu." Na kwa vile sikuinuka, shangazi mmoja naye akaja akanishika kichwa, halafu mwingine, halafu mzee wa kanisa jirani aliyekuwa amekuja kujikinga mvua, wote wakapanga laini wakinibariki mmoja mmoja, na mimi jasho linanidondoka kwa zulia. Mpaka leo nikikutana na shangazi zake Jerop huwa natambua viatu kwanza.

Mwishoni Mzee Kirwa akasema, "Sasa inatosha. Kaa chini tuongee."

"Niko sawa tu hapa, Mzee," nikamjibu.

"Uko sawa aje na unaongea na zulia?"

Nikaona viatu vya Jerop vikija mbio, akainama akaniangalia kutoka chini, akaona uso wangu, na akajua. "Ni mgongo?" akaninong'oneza. Nikasema, "Usiwaambie." Akainuka akasema kwa sauti ya mwalimu, "Baba, mgongo yake imeshika. Na haikuanza leo."

Sijui kama mmewahi kuinama mbele ya watu kumi wakijadili mwili wako. Shangazi mmoja akasema hiyo ni figo. Mwingine akasema ni baridi imeingia kwa mifupa. Mzee wa kanisa akaanza kuomba. Ankoli Rotich, ambaye pengine ana moyo mzuri lakini ana uzito wa fahali, akasema, "Hiyo ni mfupa imehama. Mlazeni chini nimkanyage, itarudi," na nikasikia kwa masikio yangu akivua gambuti. Ngai! Nilipiga kelele nikaita Jerop. Akasimama katikati akasema, "Ankoli, hapa hakuna mtu anakanyaga mtu." Huo ulinzi sitausahau maisha yangu yote.

Mzee akaamua. "Huyu ni mtoto wa wenyewe," akasema. "Akilemaa kwangu, nitawaambia nini watu wao? Tunaenda Eldoret." Nikapakiwa nyuma ya pikapu kwa upande, magoti yamekunjwa, chini yangu magunia matupu, juu yangu turubai lingine la mahindi kwa sababu ya mvua, Jerop ameshika kichwa na Rotich ameshika miguu ili nisiteleze. Mbele ni Mzee na mama mkwe. Kila shimo la barabara nililisalimia kwa jina. Karibu kufika mjini tukasimamishwa kwa roadibloki, askari akazunguka nyuma, akaona turubai limefunika mtu na viatu vya kuchongoka vinachungulia, akavua kofia polepole. Akamwambia Rotich, "Poleni sana. Mnampeleka mochari?" Nikatoa kichwa nikasema, "Niko hai, afande!" na mwanamume mzima akaruka mpaka kwa mtaro. Rotich alicheka mpaka akaachilia miguu yangu.

Tukafika kliniki moja mjini, nikaingizwa nikiwa nimekunjika vile vile. Daktari alikuwa dada mmoja mchanga, mpole, akaangalia hiyo jamii yote iliyoingia nyuma yangu akasema, "Naomba mtupe nafasi, nimuulize maswali ya siri kidogo." Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, wenzangu. Nilifunguliwa mlango na Mungu mwenyewe. Mimi nikafanya nini? Nikaona nikiwafukuza wataona nina kitu naficha, ndiyo ile wanayowasemea wanaume wenye mgongo, nikasema kwa kifua, "Daktari, hawa ni watu wangu. Sina siri. Wabaki."

Akanilaza. Akainua mguu mmoja ukiwa umenyooka, akainua wa pili, akaniambia nisukume mkono wake kwa kidole gumba cha mguu, akanigonga goti na kinyundo cha mpira. Akauliza, "Maumivu yanashuka mpaka chini ya goti? Mguu una ganzi, umelegea?" Hapana. "Ulianguka? Umekuwa na homa, umekonda bila sababu?" Hapana. "Mkojo unaushika vizuri? Choo je?" Mama mkwe akaangalia dirisha. Nikasema naushika. "Na hapa katikati ya mapaja, mahali unakalia, kuna ganzi?" Nikasema hakuna, kwa sauti ndogo, uso unanichoma, na nikaona mahali hayo maswali yanaelekea. Nilijua kabisa. Nikajiambia ikija ijibu kiume, usigugumize, hapa ndipo unapewa au unanyimwa mke.

Daktari akaandika kitu, akaniuliza, "Na kitandani je, uko—"

"Kitandani sina shida hata kidogo, daktari!" nikasema, kwa nguvu, ili mpaka wa mlangoni asikie. "Kitandani niko sawa kabisa! Muulize Jerop!"

Wenzangu. Jerop akajifunika uso wote kwa leso. Rotich akakohoa akatoka nje. Mama mkwe akasema "Wui!" moja tu, fupi, akakaa chini mahali hapakuwa na kiti, bahati nzuri kitanda kingine kilikuwa nyuma yake. Na Mzee Kirwa, ambaye naye ni mzee wa kanisa, ambaye binti yake hajaolewa, ambaye nilikuwa nimekuja kumwomba, aliinamisha kichwa akaangalia sakafu.

Daktari akasema polepole, "Nilikuwa nauliza uko na godoro ya aina gani."

Nilitamani mgongo uvunjike kabisa nisahau hayo mengine. Daktari wa watu, kwa huruma, akaendelea kuongea ili kufunika ile aibu, na mimi nikimsikia kwa mbali. Akasema hakuna mfupa umehama, si figo, ni misuli na kano za huku chini zimevutika na zimekaza kujilinda. Akasema kukaa nimejikunja siku nzima juu ya kreti ndiko kulikoanza kuzichosha, godoro la bonde likaongeza, na lile gunia la kubebwa kwa kiuno na kugeukageuka likamaliza. Nisikae kitandani wiki nzima nikijihurumia, nitembee kidogo kidogo, niweke kitambaa chenye joto, nimeze dawa atakayonipa baada ya kula, na mgongo wa namna hii mara nyingi hupoa wenyewe. Lakini nikiona mguu umelegea, au mkojo umenishinda, au ganzi pale nilipoulizwa, nirudi mbio hata kama ni usiku. Akasema pia mtu asikubali kukanyagwa.

Nikashukuru, lakini sikuwa na furaha. Nilikuwa namwangalia Mzee tu. Nilijua akiinua kichwa ni kuniambia nisikanyage kwake tena, na ningemwelewa.

Akainua kichwa. Hakuniangalia mimi. Akamwuliza daktari, "Na mtu akilala chini, kwa sakafu. Hiyo inasaidia mgongo?"

"Godoro imara ni nzuri kuliko sakafu," daktari akasema. "Nani analala sakafuni?"

Mzee akashika kofia yake, akaizungusha. "Ni mimi," akasema.

Mama mkwe akageuka. Alisahau kabisa habari yangu. "Kumbe ni mgongo?"

"Ni mgongo."

"Tangu ile mavuno ya mvua mingi unalala chini," akamwambia. "Kila usiku unangoja nilale unashuka. Mimi nimekaa nikijua umenichoka, baba Jerop. Nimeomba juu ya hiyo kitu. Nimefunga."

"Ningekuambia aje? Nikwambie gunia imenishinda? Hii boma yote inaniangalia mimi." Akaongeza, "Sijakuchoka. Ungewaza hivyo kweli?"

Mama akampiga kwa mkono, kofi la begani, akicheka na kulia pamoja, na Jerop akatoa uso kwa leso, macho yamejaa. Daktari akasema, "Mzee, panda hapa nikuone na wewe." Nikasaidiwa kushuka, Mzee akapanda, na nikiwa nimesimama pale nimepinda nikasikia akiulizwa maswali yale yale, moja baada ya lingine, na alipofikia mkojo mama mkwe hakuangalia dirisha tena, alikuwa amemshika mkono. Naye hakuwa na kitu kibaya, ni uchakavu na miaka ya magunia. Nilisikia pumzi ya hiyo familia yote ikishuka, na yangu ikashuka nayo.

Tulipotoka Mzee akaniita kando, mimi nimepinda kushoto, yeye amepinda kulia. "Njuguna, mdomo yako itakuua," akaniambia. "Ile maneno ingine ulisema, hiyo tutaongea na pasta, na mpaka harusi Jerop anakaa kwa shangazi yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Lakini mtu hata aibu yake hawezi kuficha, atanificha nini mimi?" Akavaa kofia. "Lete wazee wenu."

Ningeruka kama ningeweza. Nilishika ukuta nikasema asante, asante, mpaka akaniambia inatosha, asije Gogo akafikiri nataka kubarikiwa tena.

Sasa mgongo uko sawa. Nina kiti cha kuegemea pale dukani, nainuka kila mara natembea mpaka kwa mabati na kurudi, na nikiinua kitu, hata kama ni ndoo ya rangi, nakunja magoti, nakivuta karibu na kifua, na sijipindi nikiwa nacho. Godoro lile nililichoma. Na nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Jerop, mwili ukiniuma nitasema siku hiyo hiyo, sitangoja useme wenyewe mbele ya watu, na daktari akiomba watu watoke nje, hata awe mama yangu mzazi, atatoka, na mimi mwenyewe ndiye nitamfunga mlango.